Kamba ya Katana

Tawi la kwanza lilianguka Ijumaa, muda mfupi baada ya sala ya adhuhuri, na siku hiyo hapakuwa na upepo hata wa kutikisa pazia. Hilo ndilo lililomtisha Mwanasiti. Kungekuwa na upepo angeulaumu upepo, akaendelea na kazi zake. Alikuwa jikoni akichagua mchele aliposikia kishindo. Akatoka mbio uani, akakuta tawi nene kama paja la mtu limelala juu ya bafu la jirani yake, Bi Hindu, bati limekunjika katikati, vumbi bado linapanda.

Bi Hindu hakupiga kelele. Alisimama upande wake wa ukuta, kanga kichwani, akalitazama lile tawi kama mtu anayesoma barua.

"Mwanasiti mwanangu," alisema, "mimi nilikuwa ndani ya bafu hilo sasa hivi. Nimetoka, sijafika mlangoni, nalo likashuka."

"Pole sana, Bi Hindu. Nisamehe. Nitautafutia mtu huu mti."

"Mtafute mapema. Masika yakiukuta mzambarau huu ulivyo, halitakuwa bafu tu. Na mumeo yuko chini yake."

Hilo hakuwa na haja ya kuambiwa. Mzambarau ulikuwepo kabla ya nyumba, na nusu yake iliinamia chumba alimolala Stambuli. Tawi lilipoanguka liliacha jeraha pale shina lilipogawanyika panda mbili, na ndani ya jeraha ulionekana ufa mweusi unaoshuka chini. Ulikuwa mwezi wa tatu, mwaka wa themanini na saba. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika jioni na kutawanyika asubuhi.

Mwanasiti alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi katika hoteli moja ya ufukweni hapo Malindi, mashuka na vitambaa vya meza, kusimama kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na Ijumaa tu ndiyo siku yake ya kupumzika. Akitoka kazini alikuwa na kazi ya pili. Stambuli, mumewe, alikuwa hana miguu tangu mwaka wa sabini na nane. Miguu alikuwa nayo, lakini haikumtii. Alioshwa, akageuzwa ubavu, akalishwa pale mikono yake ilipochoka. Binti yao wa pekee, Mastura, alikuwa ameolewa Mambrui na alikuja alipoweza, na hakuweza mara nyingi.

Kabla ya hapo Stambuli alikuwa fundi wa miti. Si wa kukwea minazi, maana wakwezi wako wengi, bali wa kukata miti mikubwa iliyosimama mahali pabaya: juu ya mapaa, juu ya visima, juu ya makaburi. Aliitwa Watamu, aliitwa mpaka mahoteli ya Bofa kule Kilifi. Alifanya kazi kwa kamba. Kila tawi alilifunga kwanza, akalikata, kisha likashushwa polepole kama mtu anayemshusha mtoto kutoka mgongoni. Aliyeshika kamba chini alikuwa Katana, Mgiriama wa Kakuyuni. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na miwili, mpaka siku Stambuli alipoanguka.

Kwa hiyo mke alipoingia chumbani siku ile na kusema anatafuta mtu wa kuukata mti, mume aligeuza uso dirishani.

"Sitaki mtu yeyote tu," alisema.

"Baba Mastura, nitakuhamisha chumba cha mbele kwa muda."

"Huko nitatazama ukuta. Hapa natazama mti. Niache hapa, na huyo mtu umlete nimwone kwanza."

Mtu wa kwanza alikuja kesho yake jioni. Jina lake Mahadhi, kijana mwenye mabega mapana, na bega moja limebeba msumeno wa injini aliousifu kabla hajasalimu vizuri. Alisema amekata miti ya nusu ya mji. Mwanasiti alimwona kama rehema. Alikuwa amesimama kutwa nzima, vifundo vya miguu vimevimba, na mbele yake amesimama mtu anayesema kesho saa nne kazi itakuwa imekwisha.

Sauti ya Stambuli ikatoka dirishani. "Kijana, kamba yako iko wapi?"

"Shikamoo mzee. Kamba ya nini?"

"Ya kushushia matawi."

"Mzee, huu msumeno ukiguna tu, tawi liko chini."

"Chini wapi?"

Mahadhi alicheka, akatazama paa, akatazama bafu la Bi Hindu, kisha kwa mara ya kwanza akautazama mti. "Nitalisukuma kidogo," alisema.

"Nenda salama, mwanangu," alijibu Stambuli.

Mwanasiti alimsindikiza Mahadhi mpaka njiani akimwomba radhi. Mahadhi hakukasirika. Alimwambia aende akaangalie mti wa mkungu alioukata kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, ataona mwenyewe kazi yake. Basi jioni iliyofuata, badala ya kurudi nyumbani moja kwa moja, Mwanasiti alipitia huko. Alitaka kurudi na ushahidi wa kumshinda mumewe. Alikuta mkungu umebaki nusu, gome limechanika kutoka juu mpaka karibu na mizizi, kama nguo iliyonaswa na msumari. Kando yake tangi la maji lilikuwa limelala ubavu, limebonyea.

"Alisema atarudi kesho kulitengeneza," alieleza mwanamke aliyekuwa akifagia. "Hiyo kesho tunaingoja tangu Idi."

Alirudi nyumbani akampikia mumewe uji, asimwambie kitu.

Mtu wa pili alikuwa mchoma makaa. Aliupiga mti mara moja kwa mgongo wa panga, akatikisa kichwa, akasema umeoza wote, haufai, yeye atauondoa kuanzia shinani na magogo atachukua yeye, asiwape taabu ya kuyatupa. Stambuli alimngoja aondoke.

"Umesikia amegonga mara ngapi?"

"Mara moja," alisema Mwanasiti.

"Mara moja, tena chini, palipo pazima. Mti hauulizwi neno moja. Huyo keshaupima kwa magunia."

"Sasa wewe unataka nani?" Sauti ya Mwanasiti ilipanda, naye akaisikia, akashindwa kuishusha. "Nilete malaika? Nimesimama tangu asubuhi, nimekuja nakuta huyu hafai, yule hafai. Ufa ule naona unapanuka kila siku. Mti ukianguka utatuua sote wawili, na Wallahi, kuna siku naona afadhali."

Mwanasiti akachukua beseni, akamvua shati, akaanza kumfuta mgongo, maana hasira ama si hasira, mgongo ulikuwa unangoja. Alikuwa amemgeuza, uso wa mume unaelekea ukutani, aliposikia:

"Mwite Katana."

Mkono wake ulisimama.

"Katana gani?"

"Unamjua."

Alimjua. Miaka tisa hakulitamka jina lile bila kulitemea mate. Siku Stambuli alipoanguka, kwenye nyumba moja ya njia ya Watamu, Mwanasiti alifika hospitali akamkuta Katana ameketi sakafuni kwenye ujia, viganja vyake vimechubuka mpaka damu, analia. Hakumwuliza kitu. Aliona kamba, aliona viganja, akajua. Na alichokijua akakisema: kwenye mfereji wa maji, kwenye arusi, kwenye matanga, kwa kila aliyempa pole. Katana aliiacha kamba. Katana alimwachia mume wangu. Hakuwa amepanga kumdhuru mtu, alikuwa anamwaga moyo wake tu. Lakini Malindi ni mji mdogo, na fundi wa miti akiisha kusemwa kwamba kamba yake huachia, hamna tena mtu wa kumwita. Baada ya mwaka mmoja Katana alirudi Kakuyuni kulima mihogo.

"Yule aliyekuvunja?" alisema.

"Katana hakuiacha kamba, Siti." Stambuli aliongea akielekea ukutani, taratibu, kama anayetoa mwiba. "Nilijifungua kamba mwenyewe. Kamba ya kiunoni ilikuwa imepungua kiasi cha mkono mmoja, nami nilitaka kulifikia tawi la mwisho, maana wenye nyumba wageni wao walikuwa njiani. Katana alipiga kelele kutoka chini, fundi usifungue, fundi usifungue. Nikamwambia anyamaze. Vile viganja vilichubuka kwa kamba ya tawi. Tawi lilinifuata, na lingeniangukia kifuani. Yeye ndiye aliyelizuia."

Maji yalikuwa yakimtiririka Mwanasiti mkononi mpaka kwenye kiwiko.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilipozindukana ulikuwa umeshamkasirikia. Nikaona, hasira ikienda kwake, haiji kwangu. Nilikuwa naogopa utaniacha. Halafu siku zikapita. Kila siku iliyopita iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi."

Alimmalizia mgongo. Akampaka mafuta, akamvika shati, akamgeuza, akamwekea mto. Kisha akaenda kuketi jikoni kwenye kigoda, hakuwasha moto. Alitafuta hasira akakuta uchovu tu, mwingi, uliofika mpaka kwenye meno. Miaka tisa alikuwa ameibeba chuki ile pamoja na ndoo za maji na mashuka, na ilikuwa mzigo usio wake.

Ijumaa alikwenda Kakuyuni. Gari la kuleta mboga hotelini lilimchukua mpaka njia panda, kilichobaki akakitembea kwa miguu, akiulizia. Nyumba ya Katana ilikuwa ya udongo, imefagiwa vizuri, na mbele yake mwanamke alikuwa akimenya mihogo. Huyo alikuwa Jedida, mke wa Katana. Alimtambua mgeni kabla hajafika.

"Karibu," alisema, lakini hakusogeza kiti.

"Ahsante, ndugu yangu. Nimekuja kwa Katana."

"Yuko shambani. Unataka kumwambia nini? Yale uliyoyasema kwenye mfereji tuliyasikia huku huku."

Mwanasiti alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Yote yalimpotea. "Nilisema uongo," alisema. "Sikujua ni uongo, lakini sikuuliza. Nimejua juzi."

Jedida aliendelea kumenya. "Miaka tisa, mama. Mume wangu alikuwa na watu wa kumwita mpaka Kilifi. Watu wale wale walimwona njiani wakatazama kando. Alinikataza nisije kwako. Alisema, fundi amelala, mtu aliyelala hasemwi. Mimi ningekuja."

"Ungekuja ningekufukuza."

"Najua."

Katana alirejea saa sita, jembe begani. Alikuwa amekonda, na nywele za pembeni zimeingia mvi. Alipomwona mgeni alisimama kidogo, kisha akaliegemeza jembe ukutani, akanawa mikono.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa vigumu kuitikia. "Marahaba," alisema Mwanasiti. "Katana, Stambuli ameniambia. Nimekuja kukuomba radhi, na nimekuja na haja. Sijui kama inafaa kuyaleta mawili pamoja, lakini sina siku nyingine."

Katana aliketi chini. Hakuuliza ameambiwa nini. Aliuliza, "Ni ule mzambarau?"

"Ndio."

"Ulikuwa na ufa hata wakati ule. Nilimwambia fundi, akasema bado." "Jumapili nitakuja nitazame. Siahidi kuukata. Nitatazama kwanza."

Jumapili Mwanasiti alibadilishana zamu na mwenzake, akabaki nyumbani. Katana alifika mapema, Jedida nyuma yake na kamba mbili za mkonge kichwani. Mwanasiti alidhani ataingia chumbani kumsalimu Stambuli. Hakuingia. Alikwenda kwanza kwenye mti, akauzunguka polepole. Aliugonga chini, akaugonga kifuani, akakwea akagonga juu, kila mara akitega sikio. Alichukua kijiti akakitia kwenye ufa mpaka kikakoma, akakipima kwa vidole. Aliuliza chini ya ua kuna shimo la maji machafu au hakuna, Bi Hindu analala upande gani, nyuki wako au hawako. Ndipo akaja chini ya dirisha.

"Fundi," alisema.

"Katana," ikajibu sauti ndani.

Mwanasiti, aliyekuwa ameshika ufagio, aliona haya kusogea.

"Panda ya upande wa nyumba imekufa ndani," Katana alisema mwishowe. "Ya pili nzima. Nikiondoa hii vipande vipande, ile itasimama yenyewe. Mti hauna haja ya kufa."

"Uzito?"

"Nitauelekeza upande wa kisima. Nitazungusha kamba mara tatu kwenye shina la mwarobaini ule wa uani."

"Mara nne. Gome la mwarobaini lile lina utelezi."

"Mara nne."

"Na ukate upande wa chini kwanza, gome lisichanike."

"Nakata chini kwanza, fundi. Ulinifundisha wewe." Akageuka. "Tatizo ni moja. Zamani mimi nilikuwa chini. Leo niko juu. Wa kushika kamba ni Jedida, na peke yake hatoshi."

Alimtazama Mwanasiti. Wote walimtazama.

"Mimi siwezi," alisema.

"Mikono ya pasi ina nguvu. Mwarobaini utabeba uzito, nyinyi mnaachia tu. Usivute, mama, wala usiiache. Ipe kidogo kidogo. Ikikuchoma, stahimili, kwa sababu ukifungua vidole haraka haitarudi."

Wakaanza. Kipande cha kwanza kilikuwa chepesi, na Mwanasiti akadhani ameielewa kazi. Cha pili kilikuwa kizito. Kilipokatika, kamba ilimruka mikononi kama kitu chenye uhai, ikamvuta hatua mbili, Jedida nyuma yake akikita visigino ardhini.

"Kidogo kidogo!" aliita Katana juu.

"Kaza, Siti!" aliita Stambuli dirishani. "Tazama kamba, usitazame tawi!"

Mkonge ulimla viganja. Alitaka kuiacha, mwili wake wote ulitaka kuiacha, na kwa kitambo kile alijua jinsi ilivyo rahisi, na jinsi yule mtu aliyeketi kwenye ujia wa hospitali hakuiacha. Tawi lilishuka, likapita bati la nyumba kwa shibiri moja, likagusa ardhi kando ya kisima bila kelele kubwa. Mwanasiti akakaa chini pale pale. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, kimoja kimechubuka.

Jedida aliviangalia. Akachana kipande cha kanga yake kuukuu, akamfunga. "Bado vinne," alisema.

Kazi ilichukua siku ile nzima. Ilipokwisha, nusu ya mti ilikuwa imesimama, imenyooka, na upande wa pili mbingu imeonekana mahali ambapo Mwanasiti hakuwahi kuiona. Katana aliingia chumbani, akapeana mkono na Stambuli. Walikaa humo kitambo. Mwanasiti aliwapelekea chai ya tangawizi akatoka. Yale waliyoyazungumza hakuyauliza, wala hakuelezwa.

Masika yalikuja juma la pili. Mzambarau uliyumba, ukashika.

Kwa Stambuli mambo hayakunyooka haraka. Mwanasiti aliendelea kumwosha na kumgeuza, lakini kwa wiki nyingi maneno baina yao yalikuwa ya lazima tu: maji, dawa, inua mkono. Jioni moja Stambuli alimwambia, "Sema uniadhibu, nipumzike." Naye akajibu, "Nimechoka kuadhibu watu, baba Mastura. Inua mkono." Tangu hapo palilegea kidogo. Haikuwa mapenzi ya zamani, lakini waliweza kukaa chumba kimoja.

Kazi ngumu ilikuwa ya nje. Alikwenda kwa watu wale wale, kwenye mfereji ule ule, akasema: Katana hakuiacha kamba, nilikosea. Wengine walimhurumia, wakadhani anamsamehe tu kwa wema wake. Wengine walikuwa wamesahau kisa chenyewe, hawakumbuki nani alianguka wala lini. Walichokumbuka ni kwamba Katana wa Kakuyuni haaminiki. Hilo lilimuumiza kuliko yote. Alilazimika kuwaeleza uongo wake kwanza, ndipo awaeleze kuwa ni uongo. Bi Hindu alimwita Katana kupogoa mwembe wake, kisha mtu wa Shela akamwita, kisha kimya kirefu. Jina halikurudi kwa kasi lilivyoondoka, na Katana naye alikuwa ameshapita arubaini, magoti yakimlalamikia.

Mwezi wa nane, msimamizi wa bustani wa hoteli alipita chumba cha kupigia pasi kutafuta kivuli. Alikuwa na karatasi mkononi, anajipepea.

"Tuna mivinje sita inayoegemea vyumba vya wageni," aliwaambia wanawake. "Nani anamjua mtu wa kuaminika?"

"Katana wa Kakuyuni," alisema Mwanasiti, pasi ikiendelea.

Msimamizi alikunja uso. "Si ndiye yule wa kamba? Nilisikia aliwahi kumwangusha mtu."

Mwanasiti aliisimamisha pasi kwenye kibao chake.

"Aliyeanguka ni mume wangu," alisema. "Alijifungua kamba mwenyewe. Aliyesema Katana amemwangusha ni mimi, na nilisema bila kuuliza. Kama unataka mtu atakayekuambia mti gani ukatwe na upi uachwe, mwite. Ataanza kwa kutazama tu, atakukalisha asubuhi nzima. Usimharakishe."

Wenzake walikuwa wameacha kukunja nguo. Msimamizi alimtazama, akaitazama karatasi yake, akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati.

"Katana nani?"

Akamtajia jina la baba yake, akamweleza njia panda ya kushukia, na nyumba iliyofagiwa vizuri. Msimamizi akaandika, akasema atamwita aje Alhamisi, akatoka. Mwanasiti akaichukua pasi. Ilikuwa imeanza kupoa, na mashuka yalikuwa bado mengi.